Yaya Aliyekuwa Haniangalii Usoni

Ruring'u, Nyeri

Mjukuu wangu Wanjiru,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Babu yako bado anakohoa lakini chai anakunywa, na ng'ombe amezaa ndama jike. Umeniuliza utamjuaje huyo yaya uliyempata Mombasa, maana kila ukienda kazini moyo unakudunda.

Nilipokuwa mwalimu mpya hapa, baba yako akiwa na miezi minane, shangazi yangu aliniletea msichana kutoka Kagio, anaitwa Muthoni. Alikuwa haniangalii usoni, na salamu anaijibia chini. Nikasema huyu anaficha kitu. Nilimchukua tu kwa sababu sikuwa na mwingine.

Siku ya nne nilirudi mchana nikakuta mlango wazi, uji unaungua jikoni, mtoto hayupo. Nilipiga mayowe. Jirani akaniambia, "Nimemwona akikimbia na mtoto upande wa hospitali."

Niliwakuta kwenye benchi, Muthoni bila viatu, baba yako amelala kifuani pake. Nilimnyakua mtoto kabla ya kuuliza neno.

"Alishikwa na degedege, mwalimu," akasema. "Wamempa dawa. Sikujua nikuite vipi."

Hata hapo nilikuwa bado namkagua mtoto, natafuta alama za kupigwa. Muthoni aliona. Akafunga leso yake, akanifuata nyuma mpaka nyumbani. Alikaa nasi miaka sita.

Mchunguze wako, Wanjiru, mtoto ni wako. Lakini katika barua yako yote hukunitajia jina lake. Nitajie, nimsalimie.

Cucu wako,
Nyawira