Sinema Haikukujua, Dada Koku

Dada yangu Koku,

Tangu Jumamosi sijazungumza vizuri na mtu yeyote. Ninayetaka kuzungumza naye ni wewe, basi acha niandike, hata kama wengine watasoma na wewe usisome.

Unakumbuka Bilele, pale Bukoba mjini? Vita vilikuwa vimekwisha, mumeo akiuza vitenge na sabuni, leo yuko mpakani, kesho yuko nyumbani. Mimi nilikuja kwako kutoka kijijini kwetu Ngenge wakati wa likizo ya shule. Ulinivika gauni lako, ukalibana kiunoni kwa pini, tukaenda sinema. Sikuwa nimewahi kuingia. Tangazo lilisema ni picha ya vita, na ukumbi ulijaa watu ambao juzi tu walikuwa wakikimbia mabomu. Kila mmoja alitaka kuona kama itafanana na vita vyake.

Haikufanana. Askari walikuwa wasafi, na kila aliyekufa alipewa muda wa kumaliza maneno yake. Nyuma yetu mama mmoja akauliza kwa sauti, "Vita gani hii? Mbona hakuna hata mtu aliyebeba godoro?"

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Wewe ulicheka mpaka ukaniangukia begani. Njiani ukaniambia, "Usiende sinema kutafuta mambo yako. Nenda ukaone ya wenzako, halafu rudi nyumbani ule."

Haikupita miaka mingi mumeo akaanza kukonda. Wakati ule ukimwi tuliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vya fasheni vilivyoletwa kwa magendo. Mumeo alipozikwa, wakwe zako walikurudisha Ngenge ukiwa na kikapu kimoja na kikohozi. Mama yetu alikwisha kufa zamani. Baba yetu, Tata, akakuweka kwenye chumba cha nyuma, kile cha kuhifadhia kahawa, akapigilia ubao kwenye dirisha.

"Nani atakuja kumposa huyu mdogo wako," alikuambia huku akininyooshea kidole, "akijua kilichomo humu?"

Hakuwa mkatili, dada. Aliogopa. Kibanja cha migomba cha jirani yetu kilikwisha kuota magugu, wenyewe wote wamekwisha, naye alidhani watu wasipokuona, kifo nacho hakitakuona. Akaniachisha shule nikuuguze. Majirani wengine wakiuliza, jibu lilikuwa kwamba umebaki Bukoba. Tukawa wafungwa wawili, wewe na mimi, katika harufu ya kahawa na dawa za miti. Nikifungua mlango kutoa beseni nachungulia kwanza njiani. Ukitaka kukohoa unauma kanga. Nilikuwa nakugeuza, nakuosha, nakunywesha uji, na wewe unaniigizia shangazi yetu mmoja aliyekuwa akizungumza puani, mpaka uji unamwagika.

Siku moja gari la sinema likapita barabarani likitangaza kwa kipaza sauti: leo jioni, kiwanja cha shule, bure, wote mnakaribishwa. Tata alikuwa amekwenda kulala matangani kijiji cha pili.

"Nipeleke," ukasema.

"Dada, watakuona."

"Ndiyo. Na mimi nitawaona. Nimechoka kuangalia magunia."

Nilikufunga blanketi, nikakukalisha kwenye karia ya baiskeli ya Tata, nikakusukuma huku mkono wangu mmoja umekushika mgongoni. Ulikuwa mwepesi, nikaogopa. Kiwanjani vijana walikuwa wamekwisha kusema itakuwa picha ya ngumi. Wewe uliniambia unaomba iwe ya Kihindi, yenye nyimbo nyingi, hata usipoelewa neno.

Giza lilipoingia, pale kwenye kitambaa cheupe akatokea mwanamume wa mjini, anakunywa bia na wanawake. Mara yuko kitandani, mifupa mitupu. Kisha kichwa kimoja kikageuka kututazama, na kingine, hata nikahisi kiwanja kizima kimeacha kutazama sinema kinatutazama sisi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakunong'oneza, "Twende."

"Kaa. Sinema haijaisha."

Yule mtu akaendelea kulala peke yake ndani ya chumba, hamna anayeingia. Halafu likaja jeneza. Hapo ukapaza sauti, ile sauti yako iliyokuwa imefungiwa miezi yote ile.

"Huyu hana hata dada? Uji anapewa na nani? Nani anamgeuza?"

Bwana wa gari akajibu kwa kipaza sauti, "Maswali mwishoni, tafadhali."

Ukacheka. Ukacheka mpaka kikohozi kikakushika, na safari hii hukuuma kanga. Kuna watu walisogea mbali. Ma Federika, aliyekaa mbele yetu, hakusogea. Alivua mtandio wake, akakufuta mdomo nao, akarudi kutazama sinema.

Asubuhi Tata alirudi akiwa ameambiwa yote njiani. Alikuja na kufuli jipya mkononi. Mimi nilisimama mlangoni. Wewe ulimwita kutoka ndani, taratibu, kwa lile neno letu la upole, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Tata, waitu, wameshaniona. Kufuli la nini tena?"

Aliketi chini palepale kizingitini. Aliponyanyuka nilidhani anakuja kunipiga. Akaniambia nimpishe, akaingia, mwenyewe akabeba mkeka wako hadi mbele ya nyumba, pembeni mwa njia ya watu wote. Kisha akarudi akakubeba wewe.

Ulikaa pale hadi mvua za senene. Baadhi ya watu walianza kupita ndani ya migomba ili wasikufikie. Wengine walishindwa, kwa sababu uliwawahi: "Sinema mliionaje?" Wakasimama. Kijana mmoja akalalamika, "Tulitegemea ngumi." Ukamjibu, "Na mimi nilitegemea wimbo. Basi wote tumepunjwa." Akacheka, akakaa. Ulikufa mchana, mlango wazi, Ma Federika amekushika miguu na mimi kichwa.

Sasa nikueleze ya Jumamosi. Siku hizi naishi Kibeta, hapa hapa Bukoba. Mwaka jana walikuja watu wa filamu, wanatafuta waliouguza miaka ile. Niliwapokea kwa moyo wote. Niliwasimulia karibu siku nzima: shangazi wa puani, baiskeli, swali lako, kufuli ambalo halikufungwa. Tukaenda Ngenge, wakaomba waone chumba. Niliingia. Harufu ilikuwa ileile. Nikalia, nao wakapiga picha.

Jumamosi wakaionyesha mjini. Nilivaa vizuri, nikakaa mbele, nikisubiri kukuona unacheka. Dada, wewe niliyekuonya kwamba watakuona, hukuonekana kabisa. Kilichokuwepo ni chumba, ubao wa dirisha, na mimi ninalia. Mlango ukajifunga taratibu, muziki, mwisho. Watu wakapiga makofi. Binti mmoja wa wale watu akanipa mkono, machozi yanamtoka, akauliza, "Mama, umeionaje?"

Nilitaka kumjibu kwamba wewe hukuwamo. Nilimwona jinsi alivyojitahidi, nikamwambia, "Nzuri, mwanangu." Nikashindwa kuinuka kwenye kiti.

Tangu siku hiyo silali mlango ukiwa umefungwa. Mume wangu analalamikia mbu. Nikifumba macho naona kahawa. Miaka yote nimesema kwamba mimi ndiye niliyekutoa kwenye chumba kile, na ni kweli nilisukuma baiskeli. Lakini aliyetoka ni wewe, Koku. Uliketi mbele ya nyumba, ukasalimiwa, ukafa ukiwa mtu. Mimi nilirudi ndani kufagia, kukunja blanketi, kupanga magunia. Hakuna aliyekuja kunibebea mkeka.

Pumzika, waitu. Bado niko humu ndani.

Mdogo wako uliyempa gauni.