Nta Kwenye Kifuniko cha Tangi

Baba Rukia wangu,

Salamu kwanza, usije ukasema nimeanza maneno kama kawaida yangu. Najua barua haifiki ulipo, hakuna feri ya kwenda huko. Lakini miye nikikaa na jambo kifuani laniwasha, wanijua, na hili siwezi kumwambia mtu wa hapa Likoni. Kwa hivyo nakwambia weye.

Habari ndogo ndogo kwanza. Mwanaisha wa nyuma ya msikiti kaolewa tena, bwana harusi hana meno ya mbele lakini ana duka. Rukia yuko kwa mumewe Kisauni, ana mimba, mkwe wake asema mtoto atakuwa mkubwa, na miye namjua huyo bibi, hata kuku wake humwita ng'ombe. Barazani hawana lingine ila uhuru. Asubuhi wagombana mwambao uwe peke yake ama tule sahani moja na watu wa bara, jioni wanywa kahawa pamoja kana kwamba hawakutukanana. Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike mbavu.

Sasa kubwa. Mamako. Tulipokuzika walinitoa kwenye kile chumba chako cha kazi hotelini, nikaja kukaa naye. Twala pamoja, twalala chumba kimoja, na kila akimaliza kuswali aniuliza suali lile lile.

"Mama Rukia, ile nta ilikuwepo siku ile?"

Na miye ninayejua nani kapika nini mtaa mzima, namjibu, "Sikuangalia, mama."

Wakumbuka walipolileta lile trekta la kukatia nyasi pale hotelini Shelly Beach? Dogo, jekundu, lina kiti chake na usukani kama gari la mtoto wa mfalme. Weye uliyefyeka majani yale kwa mkono mpaka mgongo ukapinda, wakakuchagua weye ulipande. Ukapita mbele ya mlango wetu umekaza shingo kama liwali. Nikapiga kigelegele, mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi akapiga kelele, "Lo! Bwana harusi, gari zuri, mbona halina mlango?" Ukamjibu, "Mlango wa nini, sina cha kuficha!" Siku ile ulikuwa mtu mwenye furaha, Baba Rukia. Nilikuona.

Ijumaa yake mamako akaja. Tusimlaumu. Alizika watoto kabla yako, ndo maana ulikua na mvuje wa kinga mkononi mpaka ukaota ndevu, wenzio wakiziba pua kwa harufu yake. Akalizunguka trekta akisoma dua. Akatoa nta yake, kaichanganya na ubani na mvuje, akapaka usukani, akapaka kiti, akasema, "Kila tundu lililo wazi lina mpitaji." Miye nilikuwa nacheka na mpishi. Sikuona vidole vyake vimefika wapi.

Baada ya hapo trekta likaugua. Lawaka vizuri, laenda, lafika kwenye minazi, kho, kho, lafa. Ukiliacha likapumua, lawaka tena, laenda, lafa tena. Msimamizi akaja na kofia yake kichwani akasema lisipokaa sawa kabla ya wageni wa Krismasi, atatafutwa mwengine, na chumba ni cha huyo mwengine. Usiku huo hukugusa chakula.

Lakini hukukata tamaa, ukaanza kulitafuta kama mtu atafutaye kiroboto kwenye shuka. Ukaanza na petroli yenyewe. Ukaitia kwenye chupa ya soda ukaiweka juani, ukatazama kama maji yamekaa chini. Hayakuwepo. Ukafungua chujio, kutu kidogo tu, ukalisafisha kwa kipande cha leso yangu mpya, na mpaka leo sijakusamehe. Ukachomoa mpira wa mafuta ukaupuliza kwa mdomo, kisha ukaja kunibusu, wallahi nilidhani nimebusiwa na taa ya chemli. Kabureta ukaipasua juu ya mkeka wetu wa kulia.

"Huo ni mkeka wa chakula, bwana weye!"

"Na hili ndilo chakula chetu, Mama Rukia. Likifa hili, twala nini?"

Siku chache umeninyamazisha, hiyo ni moja.

Mwisho ukashika mpira ukaelekeza kwenye mkebe, ukaacha mafuta yatoke yenyewe. Yakaja mazuri, yakawa uzi, yakawa matone, yakakatika. Nawe wapiga tangi ngumi wasikia limejaa. Ukafungua kifuniko uchungulie ndani. Likavuta pumzi, fyuuu! Mafuta yakamwagika mpaka miguuni mwako. Ukaruka kama umeumwa na siafu, wacheka.

"Ni kama mkebe wa maziwa," ukaniambia. "Ukitoboa tundu moja maziwa hayaji. Mpaka utoboe la pili, hewa iingie. Hili tangi halina pa kuvutia hewa!"

Ukakigeuza kifuniko. Pale katikati pana kitundu chembamba, nacho kimezibwa kitu cheusi. Ukakinusa. Ukanipa nami nikanusa. Mvuje. Tukatazamana.

"Mama," ukasema taratibu.

Nikakupa pini yangu ya nguo ukakizibua, na trekta likazunguka uwanja wote bila kukohoa. Tukadhani yamekwisha. Kumbe mamako kila Ijumaa akija, salamu yake ya kwanza ni kwa trekta. Akapitisha kidole kwenye kifuniko, akakikuta kitundu ki wazi. "Nani kaitoa?" Akakaa chini kwenye zile nyasi ulizozikata, akalia bila sauti. "Nimebakiziwa weye na nduguyo Hamisi tu. Weye na Hamisi." Kisha akainuka akaziba tena, akakandamiza kwa kidole gumba.

Alipoondoka nikakuletea pini. "Toa. Ijumaa akija utairudisha."

"Siitoi."

"Una wazimu? Na kazi?"

"Nikiitoa nikapatwa na jambo, mama atalia mpaka aingie kaburini kuwa nilikataa dua yake. Tazama." Ukakilegeza kifuniko nusu mzunguko. "Hivi hewa yaingia, na nta ya mama ipo palepale. Kila mtu kapata chake."

"Na yakimwagika?"

"Nitakwenda polepole." Kisha ukanishika mdomo kwa vidole viwili, kama ufanyavyo ukinitania, lakini hukucheka. "Na hili lisitoke humu. Mama asijue kamwe kuwa dua yake ndiyo iliyotaka kunifukuzisha kazi."

Nikaapa. Miye niliyeshindwa kuficha hata mimba yangu ya Rukia mpaka iwe miezi miwili, nikakuapia.

Ukaenda polepole kweli. Krismasi ikaja, wageni wakaja, nyasi zikawa kama zulia la harusi, msimamizi akakupigia saluti kwa mzaha. Ila pale zinaposhuka kuelekea ukutani, trekta huinama, na siku ile ulikuwa umetoka kulijaza mafuta. Nilikuwa naanika nguo. Nikasikia waniita, mara moja tu, kugeuka moto umekwisha kukuvaa. Mengine sitakuandikia, weye wayajua kuliko miye. Wakakuvusha kwenda spitali ya kisiwani, na mpishi alikaa kando yako njia nzima akikupepea kwa kofia yake.

Wakasema hotelini ni uzembe, hakufunga kifuniko. Nilikwenda pale peke yangu nikakikuta kimerukia majanini, kizima, nta yake imo haijayeyuka hata. Nikakifunga kwenye ncha ya leso nikakitupa chooni.

Kwa hivyo najua. Na mamako akiniuliza kama nta ilikuwepo, najua anachotaka. Ataka nimwambie haikuwepo. Nikisema hivyo atapata usingizi, kwamba si dua yake iliyoshindwa, ila ataondoka duniani akiamini ulimkataa, na si kweli, ulikufa ukimtii. Nikisema ilikuwepo, siku ya pili ataanza kuuliza basi moto ulitokaje, na mamako si mjinga. Kwa hivyo sikuangalia. Kila siku sikuangalia. Majirani wanaona nimezidi kusema siku hizi, wacheka, "Mama Rukia kawa redio." Nasema mengine ili hili lisipate nafasi.

Sasa shemeji Hamisi kapata kazi. Palepale hotelini. Wamenunua trekta jengine, naye asema la ndugu yake atalirithi nani kama si yeye. Aanza kesho kutwa. Jana asubuhi nimeamka nasikia harufu, natoka uani namkuta mamako amechutama mbele ya seredani ya makaa, ayeyusha nta kwenye kijiko. Nyingi, Baba Rukia. Donge kama la ugali wa mtoto.

"Ile ya kwanza ilikuwa kidogo," akaniambia. "Ndo maana ikatoka. Hii nitajaza mpaka pumzi isipite."

Nikachutama naye, nikaanza maneno yangu. "Mama, mbona usipake usukani? Usukani ndipo mikono ilipo. Na kiti. Na magurudumu, mama, magurudumu ndiyo yakanyagayo vitu vibaya njiani, tuyapake yote manne, nitakusaidia."

"Kwenye kifuniko ndo pa kwanza. Moto ulitokea huko."

"Kifuniko tukiache, mama."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu. Wallahi nilikuwa nayo, nilishayapanga tangu miezi. Ningesema shekhe kakataza, ningesema mafuta huharibu dua. Nikafungua mdomo. Nikamwona Hamisi moyoni, yu juu ya trekta, anashuka ule mteremko.

Halikutoka neno. Hata moja. Kijiko kikachuruza nta kwenye makaa, ikawaka, naye hakuitazama, ananitazama miye. Hajapata kuniona nimenyamaza tangu uniingize nyumbani kwake nikiwa mwari. Tukakaa hivyo mpaka nikaona uso wake unafika polepole kule nilikokuwa nikimzuia asifike.

"Ilikuwepo," akasema. Hakuwa anauliza.

Akaweka kijiko chini. Akalichukua lile donge la nta akanitia mkononi, akanifumba vidole vyangu juu yake. "Mwambie Hamisi hiyo mashine yataka nini. Weye wajua. Miye huko siendi." Akaingia ndani akalala ameelekea ukuta, na mpaka naandika hivi hajainuka, hajauliza, ameliacha lile suali lake nililolichukia, na sasa ningetoa chochote aniulize tena.

Sikusema, Baba Rukia. Ukikutana na mtu huko akakwambia mkeo kavunja ahadi, mwambie hakusema. Hamisi nimempa pini na nimemwonyesha kitundu, nimemwambia funga kifuniko mpaka mwisho, kila siku, hata aje nani. Aliniuliza nimeyajulia wapi mambo ya mafundi. Nikamwambia mumewe mtu akipasulia kabureta kwenye mkeka wa chakula, mtu hujifunza.

Nimemchemshia mamako uji wa pili, wa kwanza umeganda. Naenda kukaa kitandani kwake. Sitamwambia kitu. Nitakaa tu.

Lala salama, bwana wangu.

Mkeo,
Mama Rukia