Shule Yenye Furaha Kuliko Zote

Mpendwa mwanangu,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya ukoo mzima wa hapa Matema pamoja na walioko Ipinda, ninakutangazia rasmi kwamba yule kuku wako mwenye kishungi ametaga ndani ya mkoba wangu wa shule. Ametaga juu ya madaftari ya Kidato cha Pili, na yai moja limepasukia kwenye daftari la kijana ambaye hata bila yai kazi yake ilikuwa haisomeki. Kikao cha familia kimekaa. Mama yako mdogo alitoa hoja kwamba kuku asiguswe, kwa kuwa ana mwenyewe. Mimi nilipinga, nikashindwa kwa kura mbili kwa moja. Kura ya pili aliipiga kuku.

Habari nyingine nzito: nimeanza kuvaa miwani. Wanafunzi wanasema nafanana na bundi aliyestaafu. Nimewaadhibu wawili, wa tatu nikamwacha kwa sababu alisema kweli.

Sasa nimemaliza utani, na mkono umeanza kuwa mzito.

Jina lako silitaji. Wewe unajijua, na walio karibu wanakujua. Barua nimeiandika wazi, aisome anayetaka, kwa sababu nilikukosea mbele za watu, na aliyekutukana sokoni haji kukuomba radhi chumbani. Habari ya ugonjwa wako ningeificha, lakini wanawake wanaoleta vyungu Lyulilo wameniambia kwamba siku hizi unaisema mwenyewe bila kupepesa macho, unawaambia wasichana wa huko Ikombe: "Ukiona damu kwenye mkojo usinyamaze. Mimi nilinyamaza." Nilipoambiwa hivyo nilijifanya napenga kamasi.

Ninataka kukueleza siku ile ya dodoso, zile karatasi za maswali za watafiti. Nadhani unaamini mpaka leo kwamba wewe ndiye uliyekosea. Hukukosea.

Unakumbuka ulivyofika kwetu? Kaka yangu, baba yako, tulikuwa tumemzika Makwale kwenye mvua, pembeni ya mikakao yake, na mama yako alikuwa amemtangulia zamani. Ulikuja na begi moja na kuku kwapani. Nilikuuliza, "Huyu naye anajiunga na Kidato cha Kwanza?" Ukanijibu bila kucheka, "Huyu ni wa kutwa, tata." Hapo nikajua damu ya kaka yangu haijapotea. Kwetu Wanyakyusa baba ni tata, na mdogo wake ni tata vilevile. Hakuna cha nusu. Nyumbani ulikuwa unaniita tata, shuleni mwalimu. Wiki ya kwanza ulichanganya, nikauliza swali darasani nawe ukainuka: "Tata, ni klorofili." Darasa likaangua kicheko. Nikasema, "Humu ndani mimi si baba wa mtu, hata wa kuku." Ukacheka na wewe. Nimehesabu kicheko kile kuwa cha kwanza tangu msiba.

Jumamosi nilikuwa nakupakia kwenye baiskeli hadi soko la Lyulilo ukamwone bibi yako mzaa mama akishusha vyungu kutoka mtumbwini. Yule bibi hajawahi kunikubali. Alikuwa ananipa salamu huku akikagua chungu, kama vile kati yetu wawili chungu ndicho chenye maana. Aliwahi kukuuliza mbele yangu, "Huyu mwalimu anakulisha?" Ukasema, "Ananilisha, bibi, ila anaongea sana." Niliazimia kunyamaza njia nzima ya kurudi ili nikukomoe. Sikufika hata nusu.

Kidato cha Tatu niliwafundisha kichocho. Nilichora konokono ubaoni, ziwa, mtu aliyesimama majini, mdudu anayeingia kupitia ngozi. Konokono wangu alifanana na kiatu. Wako alikuwa konokono kamili, na mtu wako majini ulimchora amebeba ndoo kichwani. Nilikupa alama zote. Mimi mwalimu wa Baiolojia, niliyesomea mambo hayo chuo, nilisahihisha mchoro ule bila kujiuliza ni nani katika nyumba yangu anayesimama ziwani kila siku, maji magotini, akiosha vyombo vyangu.

Ndipo ukaanza kukalia sweta darasani. Ukaacha kwaya, tena wewe ndiye uliyekuwa unaanzisha nyimbo. Mbalaga, ndizi zetu za kupika, ulikuwa unaiparuza sahanini na kuiacha. Siku moja mama yako mdogo aliona sketi yako kwenye kamba, akaniita nyuma ya jiko.

"Huyu mtoto ana bwana," akasema.

"Umejuaje?"

"Damu hii si ya mwezi. Mimi si mtoto mwenzake."

Nilikuita nikakuuliza jina la huyo bwana. Si kwamba nilikuuliza kama yupo. Nilikuuliza jina. Ukasema, "Sina, tata," ukaenda kuchota maji. Kuanzia siku hiyo ulikuwa unajibu maswali yangu kwa maneno mawili, na mimi nikamwambia mama yako mdogo kwamba ni umri tu.

Watafiti walikuja msimu wa mvua. Walieleza vizuri mbele ya wazazi: wanataka kujua kichocho kinawaumiza wanafunzi kiasi gani mwilini, na wanaoumwa wanakuwa na hali gani moyoni. Ndiyo maana kila mwanafunzi alipewa vitu viwili, kichupa cha mkojo na karatasi ya maswali. Wazazi waliokuwa wagumu kutia saini niliwalainisha mimi, unanijua. Mzee mmoja aliuliza mkojo wa mwanawe unapelekwa wapi, nikamwambia, "Unarudi ziwani mzee, ulikotoka." Akatia saini.

Kichupa chako kilikuwa chekundu. Mmoja wa watafiti, yule dada, alikuita faragha, akakueleza kwa upole kwamba ni kichocho, kwamba wengi wanacho, kwamba hakiletwi na mwanamume. Ulisimamishwa kwenye fimbo ya kupima urefu ili wajue idadi ya vidonge, ukapewa vyako baada ya wali, ukaumwa tumbo siku nzima. Baadaye damu ikakoma. Mama yako mdogo alilia jikoni peke yake. Hajakwambia, mimi nakwambia. Mimi nilikuja kibarazani nikiwa nimechangamka kama mtu aliyekutibu kwa mkono wake.

"Haya, imekwisha!" nikasema.

"Damu imekwisha, tata."

"Sasa unataka nini tena?"

"Sitaki kitu."

Nikaridhika na jibu lile. Nikaenda kula.

Kisha majibu ya karatasi yakasomwa. Dada mtafiti alikuja ofisini, akaketi, akayafunua mara mbili. "Mwalimu, darasa hili halina hata mmoja mwenye huzuni?" Nikasema hata mmoja. "Nyie mnakula nini huku?" Nikasema mchele wa Kyela na usipa, dagaa wa ziwa letu. Mkuu wa shule alicheka mpaka akakohoa. Dada hakucheka. Alikuwa na mnasihi mmoja tu, mtu wa kukaa na wanafunzi na kuwasikiliza, na alitakiwa kumpeleka kunakohitajika zaidi. Akampeleka shule nyingine upande wa Ipinda, ambako watoto walikuwa wamesema kwamba wanaumia.

Jumatatu mkuu alitangaza mstarini: "Kati ya shule zote walizopita, sisi ndio shule yenye furaha kuliko zote! Makofi ya kilo!" Mikono mia kadhaa ikapiga. Nilikuangalia. Yako ilikuwa imeshika sweta.

Siku ya pili tulikuta sare zako zimefuliwa, zimekunjwa juu ya benchi, viatu chini yake vimepangwa. Ulikuwa umepanda mtumbwi wa vyungu kwenda kwa bibi yako Ikombe. Kuku ulimwacha. Nilituma watu, ukawajibu kwa heshima kwamba huji. Nikawaambia majirani hukuwa na moyo wa shule. Walimu niliwaambia kichocho kilikudhoofisha. Mchungaji naye nilimwambia mabinti wa siku hizi, akatikisa kichwa, tukatikisa vichwa wote wawili. Nilipata maelezo mengi sana, mwanangu. Mwalimu hakosi maelezo.

Mwaka jana nilikuona Lyulilo. Ulikuwa umechuchumaa kati ya vyungu, udongo mpaka kwenye viwiko, unamcheka mnunuzi aliyetaka apunguziwe kwa kuwa eti chungu kimepinda. Ulikuwa unasema, "Hakijapinda, ni wewe umesimama kombo." Nilifurahi nikasogea. Ukainuka, ukapiga goti kidogo, ukasema, "Shikamoo, mwalimu."

Hukusema kwa ubaya. Ungesema kwa ubaya ningejua pa kushika. Nilinunua chungu ambacho hatukihitaji nikarudi nikisukuma baiskeli, kwa sababu sikuona sawasawa. Hapo ndipo mama yako mdogo aliposema nitafute miwani, nami nikakubali kwamba ni macho.

Siku hizi ninapolisimamia darasa ninatazama sweta. Anayekaa juu yake nampeleka kwa mwalimu wa kike, aongee naye, kisha zahanati. Sifanyi utani hapo. Na wale wasioonyesha chochote, wanaojibu maneno mawili, ninakaa nao nje tu, tunatazama milima, sisemi kitu. Utashangaa, ninaweza kunyamaza. Nimechelewa kujifunza kwa mtoto mmoja, na mtoto huyo alikuwa wangu.

Mwezi uliopita nilimwandikia dada mtafiti nikamwambia karatasi za darasa lile si za kweli na azitoe kwenye hesabu zake. Nilimwambia na mkuu. Mkuu aliniuliza kama nimechoka na kazi. Nikasema sijachoka, ila kama ataniondoa nitaelewa. Bado hajaamua. Dada mtafiti alijibu kwamba mnasihi ataanza kupita pande zetu, na siku ya soko atakuwa Lyulilo, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Si lazima upite kwangu ili umwone. Si lazima urudi shule, ingawa ukitaka kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, fomu ninayo na mwalimu wa Baiolojia anapatikana bure, pamoja na kelele zake. Ukitaka kubaki na udongo wako, baki nao. Ila mwone huyo mtu. Ulipaswa kumpata miaka miwili iliyopita, na hukumpata kwa sababu yangu.

Kilichotokea ni hiki.

Asubuhi ile mvua ilikuwa inapiga bati, watafiti walikuwa wachache, wamezongwa na vichupa. Dada aliniomba nisimamie darasa lenu wakati wa karatasi. Aliniambia, "Usiwasaidie kujibu, mwalimu." Nikasema ndiyo. Nikafunga mlango. Kisha nikawaambieni kwamba wageni hawa wanazunguka shule nyingi, kwamba watatulinganisha, na kwamba kila panapoulizwa kama mna huzuni, kama hamlali, kama mnajiona hamna thamani, alama inawekwa safu ya kwanza: hapana, hata siku moja. Niliona ni mtihani. Sijawahi kuona karatasi yenye maswali ikaingia darasani nikafikiri ni kitu kingine.

Wewe uliinua mkono. "Mwalimu, na kama si kweli?"

Nikasema, "Huzuni ipi? Mchele upo, samaki wapo, ndizi zipo. Au ni huzuni ya Hesabu?" Darasa likacheka. Ukashusha mkono.

Hiyo sehemu wenzako wote waliiona. Inayofuata tunaijua wawili.

Nilipita kati ya madawati nikakagua. Nilipofika kwako, ulikuwa umeweka alama safu ya mwisho: karibu kila siku. Swali la kwanza, la pili, la tatu, mpaka chini. Ulikuwa umeandika kwa penseli, mwandiko wako ule mzuri. Niliona, mwanangu. Nisije nikasema sikuona. Nilisoma zote, na nilielewa, na kitu cha kwanza kilichonijia si wewe. Ni kwamba watajua unatoka nyumbani kwangu.

Nikachukua kifutio mfukoni mwa shati, nikakiweka juu ya dawati lako, nikasema kwa sauti ya chini, "Umekosea hapa."

Ulinitazama. Kisha ukafuta, moja baada ya nyingine, hukuharakisha. Ukapuliza vumbi la kifutio. Ukajaza upya, safu ya kwanza, ukanipa karatasi kwa mikono miwili kama nilivyokufundisha kumpa mkubwa kitu.

Nami nikasema, "Vizuri sana."

Ubaki salama huko, mwanangu. Msalimie bibi, mwambie alikuwa na haki ya kunikagua.

Ni mimi,
Baba yako mdogo