Besi ya Mwita

Jumatatu, 7 Aprili 2025
Simu ya marehemu imezama kwenye sinki. Kazini, kwa Bi Bridget, bibi ninayemtunza, naosha vyombo—chubwi! Mimi mwenyewe! Ndirangu fundi simu wa Hyattsville, huku ughaibuni, ameifungua, akaifunga. Pole dada, imekufa. Humo ndimo ilimobaki sauti ya mume wangu Mwita: besi ya wimbo wa mtunzi Handel, do-re-mi zake zote, alivyojirekodi afanyie mazoezi garini. Kopi hakuna. Nimelia ndani ya basi, watu wakanikodolea macho. Wakodoe.

Jumatano, 9 Aprili
Bi Bridget tangu apigwe na kiharusi hasemi, mkono wa kulia umekufa kabisa. Leo nakunja shuka, nasikia besi. So, so, la, so. Inatoka kitandani! Kibibi chembamba vile, sauti nzito hiyo! Na mwisho, panapotakiwa fa, akaimba mi. Kosa la Mwita! Tulibishania hilo kosa mpaka anafariki.
Nikajituliza. Si nilikuwa naipiga ile rekodi humu ndani kila siku? Ameishika tu. Nikamwambia Ethan, mwanawe. Akasema nimechoka, nipumzike.

Ijumaa, 11 Aprili
Ethan anampeleka mama yake kwenye nyumba ya wazee, huko Gaithersburg. Alhamisi. Nimejibu okay. Okay gani! Nitafiwa na Mwita mara mbili?
Nimejaribu kumrekodi bibi. Nikiwasha simu yangu, kimya. Nikizima, anaimba. Ananifanyia makusudi huyu.

Jumanne, 15 Aprili
Vidole vya ule mkono uliokufa vimegonga blanketi, vinahesabu mapigo ya wimbo. Nimeviona kwa macho yangu, mchana kweupe.
Mwita alipenda kutusimulia kwayani: Handel alipigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Akaenda kwenye chemchemi ya maji ya moto, akatoka akapiga kinanda, masista wakasema muujiza. Baadaye akapofuka, bado anapiga tu. Huyo jamaa ni mbishi, alisema Mwita, na mimi ni mbishi hivyo hivyo. Tulicheka sana. Leo nimeogopa.

Alhamisi, 17 Aprili
Masanduku yako mlangoni. Ethan yuko njiani, barabara ya I-270 ina foleni. Nimekaa kando ya kitanda, naandika. Simu nimeiacha jikoni. Nikasema, Mwita, kama ni wewe, sema. Nilijiona mjinga.
Ameniita Kadogo.
Kadogo! Mimi na mwili huu! Ni utani wa Mwita wa chumbani. Kwenye rekodi haumo. Mbele ya watu hakuwahi kulitamka hilo jina.
Halafu, kwa Kiswahili: Usiwaache wanipeleke.
Mlango wa gari nje. Kengele. Ethan ananiita. Naandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ameushika—kwa ule mkono uliokufa—anahesabu mapigo kiganjani mwangu, anangoja sauti yangu ya alto iingie.
Kengele tena. Sijainuka. Nimeingia. Tumefika pale kwenye mi yake, na safari hii sikubisha, nimeiimba naye, nime