Jicho la Kupimia Ubao

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumapili jioni.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo wewe na mumeo? Mapacha wamepona mafua? Sisi hatujambo, ingawa hatujambo ya kwenye barua unaijua ilivyo.

Mwezi uliopita mdogo wako, mume wangu, alianguka kutoka kwenye ngazi akipachika fremu ya mlango, akajigonga juu ya jicho la kulia. Kidonda kilishonwa, kikapona, na jicho lenyewe halikuwa na hata wekundu. Tukashukuru mapema mno.

Unajua fundi wetu anavyopima ubao: anafumba jicho la kushoto, anauchungulia kwa la kulia. Wiki iliyopita nikamwona amefumba la kulia. Nilipomuuliza, akacheka, eti ni mtindo mpya. Mficha maradhi kifo humuumbua, wifi. Nikamkokota hospitali na vumbi lake la mbao kichwani.

Daktari alimulika tochi, mboni ikawa nzito kusinyaa. Akamwonyesha kifuniko chekundu cha chupa ya dawa. Jicho la kulia likaona kijivu. Kumbe jicho ni zima, ila mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo umeumia. Miwani haisaidii. Picha ya kichwa haikuonyesha mfupa unaoubana, kwa hiyo hakuna cha kupasua. Dawa kali za uvimbe daktari alizikataa, akisema aliyeumia kichwa zinaweza kumdhuru. Tusubiri tu, wengine huanza kuona tena, wengine basi. Naogopa, wifi. Nalala na hofu, naamka nayo.

Naye mkaidi wenu anataka kurudi kwenye msumeno wa umeme. Nikamwambia, siku jicho hilo litakapoona rangi, ndipo. Kila asubuhi najifunga kitambaa chekundu, anaziba jicho la kushoto, anataja rangi. Kila siku kijivu. Leo akaruka: "Nyekundu hiyo, mke wangu! Kesho nawasha mashine!"

Leo nilikuwa nimejifunga cha kijani. Sikumwambia. Niliingia jikoni nikalia.

Mpigie simu, tafadhali. Wewe uliyembeba mgongoni hawezi kukudanganya.

Nisalimie mumeo, na mapacha uwabusu. Mama mkwe wangu usimweleze bado, presha yake unaijua. Mungu awafunike nyote.

Ufunguo wa karakana nimeutundika ukutani, upande wa kulia wa kiti chake. Ameutafuta mchana kutwa.

Wifi yako mwenye maneno mengi, akupendaye,
Mke wa fundi