Swali la Daktari wa Usingizi

Poro, Visiwa vya Camotes
9 Februari

Kwako Dada Crisanta,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai vidonda vyako vinne vya upasuaji vimekauka na sasa unakula vizuri. Sisi hatujambo, ila paa la jikoni linavuja palepale.

Dada, tangu nirudi kutoka Cebu kukuuguza, kuna jambo limenikaa kooni. Asubuhi ile ya upasuaji wa nyongo ulinituma beseni. Niliporudi nalo, nilisimama nje ya pazia kwa kuwa daktari wa usingizi alikuwa ndani. Alikueleza kwamba tumbo litajazwa hewa, na kwamba wanawake wasiovuta sigara hutapika sana baadaye, kwa hiyo anapima dawa za kuzuia akupe ngapi. Akakuuliza kama huchafukwa na moyo ukisafiri kwa meli. Ukacheka. Ukamwambia hata siku moja, wewe ukipanda meli unalala fofofo mpaka bandarini.

Miaka kumi na moja, Dada! Miaka kumi na moja ulituambia bahari inakuua. Krismasi hukuja, Mama alipougua hukuja, hata kumzika hukuja. Na yeye, alipokuwa na nguvu, kila Jumamosi alijaza chupa chai ya tangawizi akaipeleka gatini, eti huenda ukashuka na tumbo limevurugika. Watu wakimcheka, aliwajibu kwamba mwanawe ana roho nzuri, linalomponza ni tumbo. Amekufa akikutetea.

Nami nina langu la kukiri. Baada ya upasuaji muuguzi alinisisitiza nimwite mara tu ukisikia kichefuchefu, akuchome sindano kabla hujatapika. Ulipoanza kumeza mate nilishika kengele. Ndipo ukaniambia nijionee mwenyewe, hivyo ndivyo bahari inavyokufanya. Nikaiachia kengele. Ulitapika mara tatu, ukilia kwa maumivu ya vidonda, nami nikikusugua mgongo bila kumwita muuguzi. Nisamehe kwa hilo. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo.

Nisalimie shemeji na watoto. Humu kwenye bahasha kuna tikiti ya meli, maana misa ya mwaka mmoja wa Mama ni Jumamosi ya tarehe 23. Nitakungoja gatini na ile chupa yake. Tangawizi sitatia.

Mdogo wako,
Eufemia