Pumzi za Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeficha majibu ya kliniki. Ukoo mzima unaamini mdogo wangu Issa aliniroga. Ndiyo maana akahamia Mandawa. Sikurogwa. Ni mapafu. Nimejua tangu mwaka juzi, nikanyamaza. Nikifa hivi, Issa atakuja kuzikwa na jina la mchawi.

Leo nimetembea kama kila asubuhi, kibarazani hadi chooni na kurudi. Nikikaa, pumzi ishirini kwa dakika. Nikirudi, thelathini na sita, fupifupi. Ya kutoka haijaisha, ya kuingia imeshaipanda mgongoni. Kifua kama gunia lililoshindiliwa.

Jumatano, 5 Juni

Kliniki, Nachingwea. Zoezi la kutembea ukumbini, dakika sita. Nilisimama mara tatu. Mtaalamu wa mazoezi akacheka: “Babu, kuvuta unavuta, kutoa hutaki. Mchoyo wa hewa!” Nitoe taratibu, midomo nimeibana, kama napoza uji.

Somoe, binti wa Issa anayeniuguza, alikuwa mlangoni. Amesikia yote, kwamba ni mapafu. Simwamini.

Alhamisi, 6 Juni

Anaongea na simu nyuma ya jiko. Nikikohoa, ananyamaza. Kwa nini binti amuuguze mtu aliyemchafua baba yake? Ana lake. Uji sikunywa.

Jumamosi, 8 Juni

“Baba mkubwa, baba anakuja kesho.” Nani kamwita? Anakuja kunidai jina lake mbele ya watu, au kunitazama ninavyokufa.

Naogopa. Hofu nayo inafupisha pumzi. Nimelala tu, thelathini.

Jumapili, 9 Juni

Issa kafika. Kutoka barabarani hadi hapa si mbali. Alisimama mara mbili, mikono magotini. Nilimhesabia kwa macho. Fupi, za haraka, ya kutoka haijaisha.

Akaketi. Akasubiri sauti irudi. “Haya, kaka. Na mimi nani kaniroga?”

Nilimtuma Somoe awaite wazee wa ukoo. Nikawaambia: Issa hakuniroga, nilijua, nikawaacha mseme. Mmoja alitema mate, akaondoka. Nilistahili.

Jumatatu, 10 Juni

Kumetulia. Issa bado amelala chumba cha pili. Namsikia.

Jana sikumaliza kusema. Nilikuwa bwana shamba. Mimi ndiye niliyempa mashine ya kupulizia unga wa salfa kwenye mikorosho, akapulizia misimu kumi na mmoja, bila hata kitambaa puani. Nilimwambia vumbi lile halidhuru. Onyo lilikuwa kwenye mfuko, kwa Kiingereza. Nilikuwa nimelisoma.